Alama Nyeupe kwenye Puli

Karakana ya shirika la umma niliyokuwa nikifanyia kazi Singida mjini ilipofungwa, sisi mafundi tuliitwa uwanjani tukaambiwa tumepunguzwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla sabuni, redio, baiskeli na vipuri vya kila namna, na wakati huohuo mahali pa kazi palikuwa panafungwa, leo hapa, kesho pale. Nilikaa nyumbani miezi miwili nikimtazama mke wangu akikaanga mandazi ya kuuza. Siku moja akaniambia mama yake ametuma ujumbe kutoka Issuna. Trekta aliloliacha marehemu baba yake limeanza kusumbua, mvua ziko karibu, na kwa kuwa mkwe wake ni fundi, anaomba aje aliangalie.

"Ni la dizeli?" nilimuuliza.

"La petroli. Lile dogo la kijivu, alilouziwa na misheni."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Miaka kumi na moja nilikuwa nimefungua na kufunga injini za dizeli, ambazo hazina plagi wala cheche. Injini ya petroli niliisoma chuoni, kwenye ubao, nikafaulu mtihani, basi. Lakini nilikuwa na miezi miwili sijaitwa fundi na mtu yeyote.

"Tutakwenda Jumamosi," nikasema.

Mimi ni Mnyiramba wa upande wa Kiomboi. Wakwe zangu ni Wanyaturu. Pale kwao mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe wake, hali naye, wala hambishii. Nilipofika nilimwamkia nikiwa nimesimama mbali, naye akaitikia shikamoo yangu akiwa ameinamisha uso, kisha akaingia ndani. Kwangu walizungumza Kiswahili kwa heshima. Walipohamia Kinyaturu nilijua wananizungumzia, kwa sababu sauti zilishuka.

Aliyenipokea hasa ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mcheshi, ambaye tangu baba yao afariki misimu miwili iliyopita ndiye aliyekuwa akiliendesha trekta. Alijua kulima nalo. Ndani ya injini hakujua kitu, na hakuona haya kusema hivyo.

"Shemeji, sisi tulikuwa tunakungoja wewe," alisema akifunua boneti. "Zamani lilikuwa linavuta kama fahali. Sasa likifika kwenye udongo mgumu linahema."

Betri ilikuwa dhaifu siku nyingi, ikitoa umeme wa cheche tu, kwa hiyo liliwashwa kwa hendeli, ile ya chuma inayochomekwa mbele na kuzungushwa kwa mkono. Shemeji alizungusha mara sita, likawaka. Nilisimama nikasikiliza. Lilikuwa linakwenda, ila kivivu, na mara mojamoja lilikohoa kwenye ekzosi. Watu watatu wa nyumba ile walikuwa wananiangalia usoni, nami nikatikisa kichwa taratibu kama daktari aliyekwisha kuona ugonjwa. Sikuwa nimeona kitu.

Nikaanza na ninachokijua, mafuta. Nilimwaga petroli yote, maana wakati ule ilikuwa inauzwa na watu wa kila aina kwenye mapipa na wengine waliichanganya na mafuta ya taa. Nikasafisha kabureta. Nikapiga brashi plagi zote nne. Kila nilipomaliza, shemeji alizungusha, nalo likawaka na kukohoa vilevile. Siku ya tatu nikafungua kofia ya distributa, kile chombo kinachogawa umeme kwenye plagi, nikakuta pointi zimelika. Pointi ni vichuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga, na kila vinapofunguka cheche inaruka. Nilifurahi mno. Nilikwenda Singida kwa basi, nikarudi na pointi mpya zilizofungwa kwenye kiboksi chenye maandishi nisiyoweza kuyasoma.

Na kwa kuwa nilitaka kazi ionekane kazi, sikubadilisha pointi peke yake. Nililegeza distributa nzima, nikaing'oa, nikaiosha kwa petroli kwenye beseni mbele ya kila mtu, nikaipangusa mpaka ikang'aa.

Ukishaing'oa distributa ni lazima uipange upya majira yake, yaani cheche iruke wakati gani. Cheche ikichelewa, moto unawaka pistoni imekwisha kuanza kushuka, nguvu inapotea na joto linaishia kwenye ekzosi. Ikiwahi sana, moto unaikuta pistoni bado inapanda, unaisukuma irudi ilikotoka. Tofauti kati ya kuchelewa na kuwahi, ukiishika distributa mkononi, ni kuizungusha kwa upana wa ukucha. Hayo niliyakumbuka. Nilichohitaji ni alama ya kunionyesha pistoni ya kwanza iko juu kabisa.

Nikiwa nimeinama nikitafuta, mama mkwe akasema kutoka upande wa pili wa uzio wa minyaa, bila kuniangalia:

"Mkwe, marehemu alikuwa anatazama ile alama nyeupe. Aliipaka mwenyewe, kwa rangi ya madirisha."

Niliiona. Ilikuwa kwenye puli, lile gurudumu dogo la mbele linalozungusha mkanda wa feni. Mstari mweupe, umenyooka, umechorwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Nikazungusha injini polepole mpaka mstari ule ukakaa sawa na kijiti cha chuma kilicho juu yake. Nikachomeka kipande cha karatasi ya sigara kati ya pointi, nikageuza distributa kidogokidogo nikiivuta karatasi, na ilipoteleza tu nikakaza boliti. Ndivyo tulivyofundishwa. Nilijisikia fundi tena.

Trekta likawaka, na likawa vivu kuliko mwanzo.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ile. Majirani wenye ng'ombe walikuwa shambani kabla jua halijapanda. Sisi tulifunga jembe la diski, shemeji akapanda juu, akaingia shambani. Alikwenda hatua kama thelathini. Injini ikapiga kelele ya kuchoka, maji yakachemka, na nilipoinama nikaona chuma cha ekzosi kimekuwa chekundu mchana kweupe.

"Zima!" nikapiga kelele.

Nikarudia kila kitu. Alama, karatasi ya sigara, boliti. Nikarudia tena kesho yake. Kila nikiipanga kwa alama ile, ekzosi inakuwa nyekundu, na nikiisikiliza injini naona kama uvivu unaongezeka siku hadi siku, jambo ambalo sikuweza kulieleza. Nilianza kuota pointi nikiwa macho. Mke wangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Unajua unachofanya?" Nikamwambia pointi za madukani siku hizi ni takataka. Huenda kweli zilikuwa takataka. Lakini nilisema hivyo kwa sababu sikujua.

Siku ya tano tangu tuingie shambani nikaiacha alama. Nikawasha, nikamwambia shemeji akanyage mafuta, nikalegeza boliti na kuigeuza distributa huku injini inanguruma, nikifuata sikio. Nilivyoiwahisha, sauti ikachangamka. Nikaiwahisha zaidi, ikachangamka zaidi. Ilipofikia mahali ambapo ilisikika kali na safi kuliko siku zote nikakaza. Sikupima nimegeuza kiasi gani. Sikutaka hata kupima. Nilikuwa nimechoka na vipimo.

Siku ile tulilima mpaka jioni. Diski zilizama, udongo ukapinduka mweusi, na shemeji alikuwa akiimba juu ya kiti. Mama mkwe alipiga vigelegele akiwa nyuma ya ghala, halafu akachinja kuku, na firigisi ikaletwa kwenye sahani yangu. Nilikula bila kumtazama mtu.

Asubuhi iliyofuata injini ilikuwa baridi. Shemeji alichomeka hendeli, akatema mate viganjani, akaishika kwa mkono wa kulia, kidole gumba kimezunguka chuma. Mimi nilikuwa pembeni ya distributa. Mtu aliyezoea petroli angemwambia aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili chuma kikirudi kimponyoke. Mimi nilisema:

"Zungusha."

Akazungusha. Injini ikapiga teke. Hendeli ilirudi kinyume kwa nguvu ambayo jicho halikuifuata, na nikasikia mlio mkavu, kama mtu amevunja kuni gotini. Shemeji hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye matope, mkono wa kulia ameupakata kwa mkono wa kushoto, na juu kidogo ya kifundo mkono ule ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Shemeji," alisema polepole, "limenipiga."

Tulimfunga vijiti na kitenge cha mama yake, tukamtembeza hadi barabara kuu, tukasimamisha lori la magunia ya chumvi likielekea Singida. Njia nzima alikuwa anajilaumu. Alisema pengine alisimama vibaya, pengine alizungusha kwa pupa. Baba yake alizungusha hendeli ile miaka yote na haikumgusa.

"Si kosa lako," nikamwambia.

"La nani sasa? Chuma hakina akili."

Nilijua la nani. Nilikuwa nimeiwahisha cheche kupita kiasi. Ilifaa injini ikiwa moto na inakwenda kasi, lakini kwa mtu anayezungusha polepole asubuhi ilikuwa mtego. Nililijua hilo tangu mlio ule uliposikika. Nikatazama magunia ya chumvi, kisha nikamkazia kitenge mkononi. Hospitalini waliuweka mfupa sawa, wakamfunga plasta hadi juu ya kiwiko, wakamwambia akae nayo wiki sita, asishike kazi.

Tuliporudi nikairudisha distributa kwenye alama nyeupe. Niliona kama nimeadhibiwa kwa kumdharau marehemu. Trekta likawa vivu tena, likachemka tena. Kwenye alama haliendi. Nje ya alama linavunja watu. Sikuwa na njia ya tatu. Nililifunika kwa turubai.

Mama mkwe akaazima ng'ombe wawili na plau kwa ndugu yake, nami nikashika plau. Sijawahi kuaibika vile. Ng'ombe wale waliamrishwa kwa Kinyaturu na maneno yangu hawakuyatambua. Walisimama, wakageuka, wakala majani ya pembeni. Mistari yangu ilikwenda kama njia ya mlevi. Mvua ilinyesha vizuri kwenye mashamba ya wengine yaliyokwisha kupandwa uwele na mtama, na kwetu ilinyesha juu ya magugu. Shemeji alikaa kwenye kigogo akitazama, plasta yake nyeupe kifuani. Alikuwa mpole. Alinifundisha maneno mawili matatu ya kuwaambia ng'ombe, nao hawakuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Wiki ya tatu niliamka nikamkuta nyuma ya nyumba, kiwiko amekiegemeza kwenye jiwe, anaipasua ile plasta kwa kisu cha kuchunia mbuzi.

"Shemeji, unafanya nini? Walisema wiki sita!"

"Mvua hazikuambiwa wiki sita."

Nilimshika bega. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na ucheshi usoni mwake. "Niachie," alisema. Mkono uliotoka mle ulikuwa mwembamba na wenye magamba. Akaenda akashika plau kwa mkono wa kushoto, wa kulia akiutumia pale tu plau ilipokwama kwenye jiwe, na kila ilipokwama nilimwona akiuma mdomo. Nilitembea mbele nikiwaongoza ng'ombe kwa kamba. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoiweza. Mkono ule uliunga ukiwa umepinda.

Baada ya kupanda, nikiwa sina la kufanya, niliikumbuka habari ya mzee mmoja wa Itigi aliyestaafu reli, ambaye alikuwa akitengeneza vile vigari vya petroli vya kukagulia njia. Nikaing'oa distributa, nikaifunga kwenye kanga ya mke wangu, nikapanda basi hadi Manyoni na kutoka pale treni.

Nilimkuta stesheni, anaziba madebe ya asali kwa nta ili yapakiwe. Alikuwa na haraka na hakupenda kusumbuliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, naye anaendelea kuziba. Alipokea distributa, akaizungusha mhimili, akausikiliza, akanirudishia.

"Hii nzima. Majira uliyapanga kwa kufuata nini?"

"Kwa alama ya puli."

"Uliihakikisha?"

"Aliipaka mwenye trekta, mzee. Marehemu. Alilijua."

"Sikukuuliza nani aliipaka. Ulichomeka kitu kwenye tundu la plagi ukaona pistoni iko wapi?"

"Hapana."

Akaacha nta. "Puli imeshikwa kwenye shafti na kijichuma kidogo kama ukucha. Kikikatika, mkanda wa feni unaivuta puli irudi nyuma, leo kidogo, kesho kidogo. Alama inatembea. Wewe unaifuata." Akafikiri kidogo. "Hizo pointi kwanza, zilikuwa zimelika?"

"Zimelika sana."

"Pointi zikilika cheche inachelewa. Ungeweka mpya, ukapima nafasi yake, distributa usiiguse, lingelima siku ileile. Majira aliyoyaacha marehemu yalikuwa sahihi. Kilichosogea ni alama tu."

Nilitaka kumweleza habari ya mkono wa shemeji. Lakini treni ya mizigo ilikuwa inaingia, wapagazi wanamwita, na yeye akainama kuhesabu madebe yake. Nilimshukuru akiwa amenipa mgongo.

Niliporudi nilikata bua la mtama, nikalichomeka kwenye tundu la plagi ya kwanza, nikazungusha injini taratibu. Bua lilipanda, likapanda, likasimama, likataka kushuka. Pale liliposimama nikatazama puli. Mstari mweupe ulikuwa mbali na kijiti chake, vidole vitatu vizima. Nikaishika puli nikaitikisa, ikacheza mkononi kama jino bovu.

Shemeji alikuwa anapalilia. Nikamfuata shambani nikamwambia yote, bila kuruka kitu: kwamba petroli sikuwa naijua, kwamba sikupaswa kuing'oa distributa, kwamba siku ile niliiwahisha cheche kwa sikio na sikumwonya kuhusu kidole gumba.

Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. "Ulijua tangu lini?"

"Mengine juzi, Itigi. Ila kwamba mimi ndiye niliyekuvunja, nilijua tangu kwenye lori."

Akang'oa gugu, akalitupa pembeni. "Ungeniambia kwenye lori," alisema, "ningekupiga kwa huu wa kushoto, yakaisha." Halafu akaendelea kupalilia. Nilichukua jembe jingine nikapalilia mstari wa pembeni yake hadi tukafika mwisho. Jioni alimweleza mama yake kwa Kinyaturu, ndani, na safari hii sauti hazikushuka. Sijui alisema nini. Mke wangu alisikia yote na hakukubali kunitafsiria.

Uwele wetu ulichelewa kuchanua, mvua zikakatika mwezi wa nne, na tulivuna magunia ambayo yangetosha nyumba moja, nasi tulikuwa nyumba mbili. Kiangazi nilikata kipande cha chuma kwenye springi kuukuu ya gari, nikakipiga tupa siku mbili mpaka kikaingia barabara kwenye nafasi yake, nikaikaza puli, nikapanga majira kwa bua la mtama na karatasi ya sigara. Sikumruhusu mtu mwingine ashike hendeli. Nikakunja kidole gumba pamoja na vingine, nikazungusha mara mbili.

Likawaka. Lilinguruma sawasawa, bila kukohoa, ekzosi ikiwa na rangi yake ya kutu. Shemeji alitoka ndani akaja akasimama karibu, akasikiliza.

"Enhe," alisema. "Hivyo ndivyo lilivyokuwa."

Mama mkwe naye alitokea kwenye uzio, akalitazama. Shamba lilikuwa jeupe, limepasukapasuka, limebaki mabua na mbuzi. Tuliliacha trekta lingurume kwa muda, hakuna aliyejua alifanyie nini, kisha petroli ikawa inateketea bure na nikalizima.

Mwezi uliofuata tulirudi mjini. Walilima kwa ng'ombe msimu uliokuja, maana shemeji hakuweza tena kuzungusha hendeli, na ulio baada yake trekta likanunuliwa na mtu wa Ikungi mwenye kinu cha kukamulia alizeti. Shemeji hunikaribisha vizuri kila nikienda. Hunipa mkono wa kushoto.